Deraya ya mota si fulana! Watengeneza gemu wanatuuzia rangi badala ya mashine

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Jumamosi nimetoa laki moja na thelathini kununua CD ya gemu ambayo kwenye kava yake amesimama askari ndani ya deraya ya mota, yaani vazi la vita linaloendeshwa na mota, chuma kitupu kuanzia kisigino hadi utosi. Jina la gemu silitaji. Nimeiweka kwenye PS4, na ndani ya dakika kumi yule askari anakimbia kama mtoto wa shule aliyevaa kaptura. Hana kishindo. Anapanda ngazi za mbao, hazilii. Nikafungua sehemu ya vifaa, naikuta deraya nzima imo ndani ya begi, pamoja na mkate na risasi. Unabonyeza mara moja, imeshavaliwa!

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Ngamiani hapa Tanga, huu ni mwaka wa kumi na nne. Shiti ya futi 4 kwa 8, unene milimita 3, ina kama kilo 70 na hatuinyanyui chini ya watu wawili. Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa inakaribia mita 2 za mraba. Mfunike mtu huyo kwa chuma cha kawaida cha milimita 5, umeshafika kilo 78, na hapo hujaweka mota, beringi wala betri. Na hiyo milimita 5 risasi ya bunduki ya vita inaitoboa. Kitu cha namna hiyo hakivaliwi. Kinaingiwa, kama dereva wa kijiko anavyoingia kwenye kabini yake.

Na msiniambie haiwezekani kwenye gemu, kwa sababu imeshafanyika. Gemu la Fallout 3 la 2008 nalo lilikuwa na kosa hilihili: ukishafundishwa kutumia deraya, unaivaa kama shati. Fallout 4 ya 2015 wakajisahihisha. Deraya ikawa kiunzi kinachosimama chenyewe, unazunguka mgongoni, kinafunguka, unaingia. Inakula kiini cha nishati, na ukikimbia inakila haraka zaidi. Ukishambuliwa sana, kipande cha mkono kinaharibika na kuachia, kiunzi kinabaki wazi, unakwenda kutengeneza kipande hicho peke yake. Ukiingia kwenye maji unazama mpaka chini, unatembea sakafuni. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilipiga makofi. Mimi mtoto wa pwani, najua chuma kikiponyoka mkononi pale Raskazone kinaelekea wapi. Kwenye hili gemu langu jipya askari ameogelea. Kapiga mikono, kavuka mto, katoka ng'ambo, anaendelea kukimbia.

Mabega sasa. Kila mwaka yanakua, sasa yamefika ukubwa wa mapipa. Juzi nimechora ile deraya kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, kipimo cha mtu kamili, nikakata maboksi nikamvalisha kijana wangu wa kazi. Mkono haukuvuka usawa wa kifua. Bega linagonga kofia. Askari huyo hawezi kulenga bunduki wala kujishika kichwa! Halafu kwapani, kinenani na nyuma ya goti wameacha kitambaa cheusi, yaani sehemu zilezile ambazo mipira ya haidroliki ingepita. Mafundi wa Ulaya wa karne ya 15 walilijua hili bila kompyuta: kwenye kiungo walipanga vibati vyembamba vinavyopandana na kuteleza, kama mkia wa kamba kochi. Deraya yao kamili ilikuwa na kilo 15 hadi 25, mtu anapanda farasi nayo. Kama unataka askari mwepesi, mchore hivyo. Kama unataka jitu la chuma, lipe uzito wa jitu.

Uzito wenyewe una hatari zake, na hapo ndipo pangekuwa patamu kucheza. General Electric ya Marekani miaka ya 1960 walitengeneza mashine ya kuvaa iitwayo Hardiman, kama kilo 680. Kila walipojaribu kuiendesha nzima ilitikisika na kurusha viungo ovyo, hivyo haikuwahi kuwashwa yote mtu akiwa ndani. Wakaishia kwenye mkono mmoja. Nipeni gemu ambalo pampu ikivuja goti linakuwa zito, nachechemea mpaka nipate pa kuziba. Nipeni mlio wa mota unaobadilika ninapobeba kitu kizito, nijue hali ya mashine kwa sikio kama ninavyoijua jenereta yangu.

Na joto! Mwezi wa pili hapa Tanga, ndani ya aproni ya ngozi na barakoa ya kuchomelea, nusu saa tu fulana unaikamua. Huyu mwenzetu kafungiwa ndani ya chuma na mota zinachemka, hana hata feni. Anthem ya 2019 waligusa hili: ukiruka sana deraya inapata moto, unaipoza kwa kupita kwenye maporomoko ya maji. Wazo zuri kuliko yote niliyowahi kuona, gemu likadoda, na waliofuata wakaliacha hilo wazo lizikwe nalo.

Mpwa wangu ananiambia, "Mjomba, si gemu tu hilo." Hapana. Gemu hilohilo linahesabu risasi moja moja kwenye magazini. Gari lina gia, tairi linapasuka. Wanaweza, hawataki. Ila rangi za deraya zimejaa dukani humo, zinauzwa kwa hela nyingine juu ya laki yangu na thelathini, na hakuna bolti hata moja yenye kazi.

CD ninayo, haina mkwaruzo. Mdau yeyote wa Tanga mjini mwenye Fallout 4 ya PS4 ajibu hapa, tubadilishane. Chumbageni, Makorora, popote, namfuata leo jioni nikifunga karakana.