Trekta haliwaki asubuhi, na dawa ya kila fundi ni "shusha pampu". Imetosha!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hasira, mwenye moyo mwepesi apite.

Nina Massey Ferguson 135, lile la dizeli lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, lita 2.5. Chuma cha miaka ya 1960. Likishawaka halina neno, linalima na kuvuta tela mpaka jua linazama. Shida ni kuliwasha. Asubuhi unapiga stata, linazunguka kivivu, moshi mweupe unatoka kwenye bomba, stata inachoka, kimya. Ukisubiri kidogo ukarudia, ni yale yale. Siku nyingine linapokea mara moja kana kwamba halijawahi kukusumbua, na hiyo ndiyo inayoudhi zaidi, maana huwezi kupanga kazi na mashine ya namna hiyo.

Fundi wa kwanza hakugusa hata funguo. Alisimama mbali, akasikiliza, akatoa hukumu: "Hii ni pampu, bosi." Yaani ile pampu inayosukuma dizeli kwenda kwenye silinda. Wa pili akasema pampu na nozeli (vile vinavyonyunyiza dizeli ndani ya silinda). Wa tatu akasema ringi za pistoni zimekwisha, tufungue injini yote. Hakuna hata mmoja aliyetoa mita mfukoni. Hakuna aliyeuliza moshi una rangi gani! Ni sawa na mgonjwa wa malaria kupasuliwa goti kwa sababu daktari anajua kupasua magoti.

Pampu ikashushwa. Ikaenda, ikarudi imepakwa rangi inang'aa, nikaambiwa ni "ovahoo kamili", yaani imefunguliwa na kufanyiwa upya yote. Asubuhi iliyofuata, moshi mweupe, kimya.

Sasa tuongee kwa akili. Dizeli haina plagi za kurusha cheche. Kinachowasha mafuta ni joto la hewa iliyobanwa, na injini hizi zinaibana mpaka takriban mara 17 au 18. Joto hilo linapatikana injini ikizunguka kwa kasi. Ikizunguka kivivu, hewa inapata muda wa kuvuja pembeni mwa ringi, na joto linaishia kwenye kuta za silinda. Mafuta yanafika, hayawaki, yanatoka kama moshi mweupe. Kwa hiyo moshi mweupe huku stata inajikokota si ushahidi wa pampu mbovu. Unasema mafuta yanafika! Kama hakuna moshi wowote wakati wa kupiga stata, hapo ndipo uanze kuuliza mafuta yameishia wapi, na cha kwanza uangalie kebo ya kuzimia kama haijakwama ikiwa imevutwa. Hili nalo linahitaji diploma?

Nikachukua mita mwenyewe. Betri ikiwa imetulia, volti 12.6, safi kabisa. Mtu akapiga stata nami nikiwa nimeweka ncha za mita kwenye vichwa vya betri: haikushuka chini ya volti 10, kwa hiyo betri haina kosa (ingeanguka chini ya 9.6 hivi ningeanza kuishuku, yenyewe au stata). Halafu nikaweka ncha moja kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, stata ikapigwa tena. Hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri, tuseme nusu volti ikizidi sana. Mita ikapanda ikapita volti 2. Yaani umeme nilioununulia betri mpya ulikuwa unaliwa na kipande cha waya kilichofungwa juu ya rangi na kutu! Na waya wenyewe ulikuwa wa gari dogo, mwembamba, umekazwa kwa boliti iliyolegea.

Fanyeni hesabu. Stata ya dizeli inavuta ampea mia kadhaa. Kwa ampea 300, upinzani wa sehemu moja ya mia ya omu peke yake unakula volti 3. Unabaki na stata ya volti 12 inayoendeshwa kwa volti 9 au chini ya hapo, halafu mtu anakuambia pampu.

Nikaukata waya ule, nikaweka mnene, nikakwangua chuma mpaka kikang'aa, nikaufunga karibu na stata yenyewe badala ya kwenye kibanio cha betri. Upande wa chanya nao nikaukwangua mpaka kwenye solenoidi, ile swichi nzito ya stata. Tofauti ilisikika kwa sikio. Injini ilizunguka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia tangu niwe na trekta hili.

Ikawa inawaka, lakini kwa kusuasua. Inapokea, inaunguruma kidogo, inazima, inapokea tena. Huo ni upepo, yaani hewa imeingia kwenye njia ya mafuta. Kuna mahali inaponyemelea kuingia, na mahali hapo pengine huwezi kupaona kwa kutafuta tone la mafuta chini. Panapovuta hewa ndani si lazima pavujishe nje. Washa za shaba (vile vipete vya kuziba) kwenye boliti za mabomba zilikuwa zimetumika mpaka zimekuwa bapa, na mpira wa filta ulikuwa umekaa upande. Nani alibadilisha filta mara ya mwisho? Walewale wa pampu! Ukibadilisha filta bila kubadilisha mpira wake na kuukalisha vizuri, umeweka ugonjwa mpya.

Kutoa upepo kwenyewe kuna watu wanafanya kama uganga. Unaanzia kwenye filta, unakuja kwenye pampu (yangu ni ya kampuni ya CAV, aina ya kuzunguka, ina skrubu mbili, moja ubavuni na moja juu kwenye kifuniko cha gavana, yaani kidhibiti kasi), unapiga kwa mkono ile pampu ndogo inayoleta dizeli kutoka tangi mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kisha unalegeza nati za mabomba kwenye nozeli na kupiga stata mpaka yateme. Kama kile kimkono cha pampu ndogo ni chepesi na hakisukumi kitu, usikimbilie kununua nyingine. Pengine kamu, ile sehemu ya injini inayoisukuma, imesimama pabaya. Zungusha injini kidogo, jaribu tena.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa ni kile kifaa cha kupasha moto kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, Thermostart. Unashikilia funguo kwenye nafasi ya kupasha kwa sekunde 15 hadi 20, waya wa ndani unapata moto, vali ndogo inafunguka, dizeli inadondoka na kuwaka, na hewa inayoingia inakuwa ya moto. Changu kilikuwa na umeme lakini bomba lake la mafuta limezibwa kwa msumari. Msumari, wakuu! Mtu alikaa chini akaona bomba dogo linavuja, akachomeka msumari, akalipwa, akaondoka.

Na hapa nawageukia nyinyi wa etha, ile dawa ya kopo inayowaka upesi, ya kupuliza kwenye njia ya hewa. Kila mara trekta likigoma anatokea mmoja na kopo, anapuliza, linalipuka, linawaka, anapigiwa makofi. Etha inawaka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Inavunja ringi na kumega kingo zinazozishika. Ukipuliza huku kifaa cha kupasha kina moto, mlipuko unatokea kwenye manifoldi mbele ya uso wako. Na kopo linaficha ugonjwa, maana ule waya mbovu unabaki palepale.

Lakini lililonikera kuliko yote si hela. Trekta hili lina swichi ya usalama: kijiti cha hai na lo (gia za juu na za chini) kisipokuwa katikati, stata haipigi. Fundi mmoja aliona swichi inasumbua, akaunganisha waya moja kwa moja, hakusema neno. Mwingine akanionyesha kwa fahari namna ya "kuwasha bila funguo", bisibisi kwenye vichwa vya stata, yeye amesimama mbele ya tairi kubwa la nyuma. Likiwa kwenye gia, linapowaka linatembea, na hapo alipo yeye ndipo tairi linapopita. Watu wanakufa hivi, sehemu nyingi tu duniani, na kila mmoja alikuwa amefanya hivyo siku zote bila kudhurika. Nimeirudisha swichi. Atakayeitoa tena hatagusa trekta langu.

Kuna wanaokuja na ile ya "matrekta ya zamani ndivyo yalivyo". Si kweli. Ferguson 35 za mwanzo za dizeli zilikuwa na injini ya Standard 23C, silinda nne, na hiyo sifa yake ya kugoma kwenye baridi inajulikana. Mwaka 1959 wakaanza kuweka Perkins ya silinda tatu, na malalamiko yale yakapungua. Injini yangu ni ya ukoo huo. Ilitengenezwa iwake, kwa hiyo msinitajie umri.

Sasa asubuhi linawaka. Napasha, napiga stata, linapokea. Lakini hasira bado ipo, na hii ndiyo sababu hasa ya uzi huu.

Mchana, injini ikiwa ya moto, nikilizima kidogo halitaki tena. Stata inazunguka kwa kasi, volti ziko sawa, moshi hakuna. Likipoa, linawaka. Nikachukua kitambaa kilicholowa maji, injini ikiwa imezimwa, nikakifunika juu ya pampu na kusubiri (usimwagie maji baridi pampu inayozunguka, inaweza kukamata). Nikapiga stata, likawaka papo hapo.

Wanaozijua CAV wameshaelewa. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, na kama hedi na rota, vile vipande vya ndani ya pampu vinavyogawa mafuta kwa presha, vimelika, inavuja ndani kwa ndani badala ya kwenda kwenye nozeli. Ukiipoza inakuwa nzito kidogo, presha inarudi. Yaani pampu kweli ina ugonjwa, ule ambao "ovahoo kamili" ingeutibu! Walibadilisha sili, wakapaka rangi, wakairudisha na hedi ileile. Niliwauliza. Jibu: "Bosi, hedi huwa haibadilishwi."

Nauliza waliowahi kubadilisha hedi na rota za pampu hii. Mlipimiwa kwenye mashine mkaonyeshwa usomaji wa mafuta yanayotoka kwa kasi ya kuwashia, au mlipewa maneno tu? Na kabla ya kuipeleka tena, nipige alama gani ndani au nje ili nijue kama kilichorudi ni kipya au ni kilekile kimeogeshwa? Mwenye jibu la "puliza etha" asihangaike kuandika.