Maji ya kuoshea lori la zege: yakituama usiku kucha, tuyamwage mtaroni?

Foromani_Slabu
Wakuu, habari za kazi. Tunamwaga slabu ya mita za ujazo 90 kwa siku tatu, 30 kila siku. Lori moja linabeba 6, na zege inapandishwa kwa pampu yenye bomba la milimita 125, urefu mita 40. Maji ya kuoshea vifaa tumepanga yaende kwenye shimo la udongo nyuma ya stoo, mita 6 kutoka mtaro wa maji ya mvua. Mkandarasi anasema yakituama usiku kucha na kuwa maangavu, asubuhi tuyapampu mtaroni. Ni sawa? Na shimo liwe na ukubwa gani?

Mpima_Maji
Si sawa. Kutuama kunashusha tope tu. Chokaa iliyoyeyuka inabaki ndani ya maji. Maji hayo huwa na pH (kipimo cha ukali wa tindikali au chokaa, maji safi ni kama 7) kati ya 12 na 13 hata yakiwa maangavu kama ya kisima, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Yana pia kromiamu ya aina ya sita kutoka kwenye saruji, nayo ni sumu. Chovya karatasi ya kupimia pH utaona mwenyewe.

Usikubali pia hoja ya kuyazimua. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo kushusha lita 1,000 kutoka pH 12 hadi 9 kwa maji matupu kunataka karibu lita milioni moja.

Shimo la udongo mtupu nalo halifai, maji yatazama ardhini. Lisogeze lifike angalau mita 15 kutoka mtaroni.

Bomba125
Tupige hesabu. Bomba la milimita 125 linabeba takriban lita 12 za zege kwa kila mita, kwa hiyo mita 40 ni kama lita 490. Ongeza lita 150 za zege inayobaki kwenye beseni la pampu na lita 500 za maji ya kuisafishia. Malori matano, lita 40 kila moja kuosha mlizamu tu (mfereji wa nyuma unaoteremshia zege), ni 200. Jumla lita 1,340 kwa siku, karibu mita za ujazo 4 kwa siku tatu.

Chimba mita 3 kwa 3, kina sentimita 90, na usijaze sentimita 30 za juu. Unabaki na nafasi ya mita za ujazo 5.4. Hiyo ziada si anasa: mvua ya milimita 50 peke yake inaingiza lita 450, kwa hiyo funika kwa turubai kila jioni na inua tuta pembeni ili maji ya mvua yasitiririkie ndani.

Hesabu hii inavunjika dereva akiosha pipa zima la lori hapo saitini. Waambie wenye zege kabla ya siku ya kumwaga: pipa likaoshwe kwao, hapa ni mlizamu tu.

Plastiki ya kutandika shimoni iwe ya unene wa milimita 0.25, kipande kimoja cha mita 6 kwa 6, bila kiungo. Kuta zilale kidogo, ng'oa mizizi na kokoto zenye ncha, tandaza mchanga laini chini yake, kisha kandamiza kingo kwa magunia ya mchanga. Plastiki ikitoboka huwezi kujua, maana shimo linaonekana zima huku kiwango cha maji kinashuka. Weka alama ukutani ukiangalie asubuhi.

Foromani_Slabu
Nimeelewa. Sasa maji yenyewe nayapeleka wapi? Kuna mtu amependekeza tindikali ya kushusha pH.

Mpima_Maji
Kwanza yatumie tena kuoshea mlizamu unaofuata, yanafaa kabisa. Yanayobaki yaache yakauke, au ita gari la kunyonya maji taka lenye kibali cha kubeba maji ya namna hiyo.

Tindikali siishauri saitini. Ukizidisha kidogo pH inaporomoka ghafla, na mtu anayeimimina anaungua. Gesi ya kaboni dayoksaidi ni salama zaidi kwa kuwa hata ukizidisha haishushi pH chini kiasi hicho. Hamishia maji maangavu kwenye tangi lililo juu ya ardhi, ingiza gesi taratibu kwa mpira wenye matundu madogo hadi pH ifike kati ya 6 na 9. Usifanye hivyo shimoni: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatulia chini na kumkosesha pumzi atakayeshuka.

Ukiacha tope ndani ya tangi, pH itapanda tena baada ya gesi kufungwa, kwa sababu chembe za saruji zinaendelea kutoa chokaa. Pima tena baada ya saa moja. Na gesi haiondoi kromiamu, kwa hiyo hata yakifika 8 usiyamwage mtaroni bila ruhusa ya mamlaka ya maji.

Bomba125
Kuhusu zege iliyoganda: kabla ya kuosha, simamisha vipande vya nondo vilivyopindwa kama ndoano. Zege ikivigandia, unanyanyua bonge kwa winchi badala ya kulipiga nyundo na kutoboa plastiki. Hata hivyo, kila ukisafisha shimo weka plastiki mpya. Mabonge yaliyokauka yavunje yakiwa yameloa, vumbi lake linaharibu mapafu, kisha yatumike kujazia chini ya sakafu.

Mpima_Maji
Niongeze la vijana wanaoosha. Glavu za mpira ndefu, miwani, buti zisizopitisha maji, na suruali ikae nje ya buti. Maji yakiingia ndani ya buti hayaumi mwanzoni, ndiyo maana mtu anaendelea na kazi hadi jioni ngozi imeshaungua. Vua mara moja, suuza kwa maji safi yanayotiririka si chini ya dakika 20, bila siki wala ndimu. Yakiruka machoni, suuza vivyo hivyo huku mtu akipelekwa hospitali.