Chanjo ya nimonia na bakteria wanaobaki puani: nimweleze vipi mama?

Sista wa Zahanati: Habari za jioni wakuu. Mimi ni muuguzi, nipo kliniki ya mama na mtoto kwenye zahanati moja Kanda ya Ziwa. Kila siku ya kliniki nachoma PCV13 kwenye mapaja ya watoto wa wiki 6, 10 na 14, na huwa nawaambia akina mama kwamba hii ni ya nimonia.

Wiki hii mama mmoja, mwalimu wa sekondari, kaniuliza: "Sista, nasikia wadudu wa nimonia wanakaa puani mwa watoto wazima kabisa, hata waliochanjwa. Sasa sindano inazuia nini? Na kwa nini mdudu huyo huyo akae puani kimya, halafu siku moja aue?" Nimemwambia chanjo inawazuia wasivamie mapafu na damu. Lakini karatasi inayokuja na chanjo inasema ndani yake kuna sukari za aina 13 za bakteria, na hapo ndipo nataka kuelewa. Hiyo sukari inamsaidia nini bakteria akiwa puani? Naomba jibu la kumpa mtu anayefikiri, maana yeye akikubali, majirani zake wote watakuja.

Daktari Kijana: Sista, ulichomjibu ni sahihi. Nimokokasi, yaani huyo bakteria wa nimonia, amejifunika ganda la sukari, tunaliita kapsuli. Chembe nyeupe za damu zinashindwa kumshika na kummeza. Frederick Griffith alilionyesha hili London mwaka 1928: panya waliochomwa bakteria wa koloni nyororo (koloni ni kundi la bakteria lililoota maabara), wenye ganda, walikufa. Waliochomwa wasio na ganda walipona. Ganda ndiyo silaha.

Mzee wa Bakteriolojia: Daktari amesema kweli, ila hiyo ni habari ya damu. Sista kauliza habari ya pua, na nimekaa na hawa wadudu muda mrefu kiasi kwamba naona ni dhuluma kuwaita wauaji tu. Makazi yao ni nyuma ya pua, pale inapokutana na koo. Bakteria aliyeingia kwenye damu ama ataua mgonjwa, ama atauawa na dawa, na kwa vyovyote hapati njia ya kumfikia mtu mwingine. Anayeenea ni yule wa kwenye makamasi. Kwa hiyo tujiulize ganda linamfaa nini huko.

Ute wa pua umejengwa kwa protini ndefu zilizojaa sukari, na nyingi ya sukari hizo zinaishia na asidi ya sialiki, yenye chaji hasi. Maganda mengi ya nimokokasi nayo yana chaji hasi. Hasi na hasi zinasukumana. Bakteria mwenye ganda anateleza katikati ya ute bila kunaswa na kuifikia ngozi laini iliyo chini yake. Asiye na ganda ananasa, vijinywele vya njia ya hewa vinausukuma ute kuelekea kooni, mtoto anameza, na habari yake imeishia tumboni. Kwenye majaribio ya panya wameonekana hivyo hasa: wasio na ganda wamezagaa ndani ya ute, wenye ganda wameshafika ukutani. Na ganda jembamba tu linatosha kwa safari hiyo.

Hapa ndipo utamu wenyewe ulipo. Akishafika ukutani, ganda nene linakuwa mzigo, kwa sababu linazifunika protini anazozitumia kushikilia seli. Ndiyo maana mdudu mmoja ana sura mbili. Mtafiti Jeffrey Weiser na wenzake walieleza mwaka 1994 kwamba koloni angavu, zenye ganda dogo, ndizo zinazokaa vizuri puani. Zile zenye ukungu, zenye ganda nene, ndizo zinazostahimili damu. Mwambie huyo mwalimu kwamba swali lake la "kimya halafu aue" limegusa jambo hilohilo.

Kuna na chakula. Nyuma ya pua hakuna sukari huru ya kutosha, kwa hiyo bakteria ana vimeng'enya vya kukata sukari za ute wetu mojamoja, akianza na asidi ya sialiki ya mwisho. Kirusi cha mafua nacho kina kimeng'enya cha kukata asidi hiyohiyo. Mtoto akipata mafua, kirusi kinamwandalia nimokokasi meza, bakteria wanaongezeka, makamasi yanatiririka, na yanawabeba kwenda kwa mtoto wa pili. Wengi waliokufa kwa homa kuu ya 1918 walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata nyuma ya kirusi.

Sista wa Zahanati: Shikamoo mzee, na asante sana. Sasa chanjo inaingilia wapi hapo? Au inasubiri kwenye damu tu?

Mzee wa Bakteriolojia: Marahaba. Haisubiri. Sukari peke yake haiamshi kinga ya mtoto wa chini ya miaka 2. Ndiyo maana ile chanjo ya zamani ya aina 23 hatumpi, na hata kwa wakubwa haipunguzi wabebaji, yaani wenye bakteria puani bila kuugua. Kwenye PCV13 kila sukari imefungwa kwenye protini, ambayo ni sumu ya dondakoo iliyoondolewa makali. Mwili wa mtoto unaitambua protini, na kwa njia hiyo unajifunza sukari. Kingamwili zinafika hadi kwenye ute, zinawashika bakteria na kuwagandisha makundi makundi, na kundi haliwezi kuteleza. Kule Liverpool watu wazima waliojitolea waliwekewa puani bakteria hai wa aina ya 6B. Kati ya waliochanjwa, mmoja hivi katika kumi ndiye aliyembeba. Wasiochanjwa walikuwa karibu nusu.

Mtoto wa Mnarani: Salamu toka Kilifi. Huku kwetu Kenya ilianza PCV10, chanjo ya aina 10, mapema 2011, na Kilifi watoto wote wa chini ya miaka 5 waliitwa wachanjwe. Watafiti wa KEMRI-Wellcome walipima pua kabla na baada: watoto wa umri huo waliobeba aina za kwenye chanjo walishuka kutoka asilimia 34 hadi 13. Ugonjwa mkali wa aina hizo ulipungua kwa asilimia 92. Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba ulipungua hata kwa wachanga wasiofikia umri wa sindano, na kwa watu wazima. Bibi anakingwa kwa sindano ya mjukuu. Lakini sista, huyo mama hakukosea: ukihesabu aina zote pamoja, pua zilibaki na wapangaji, maana aina nyingine zilichukua nafasi.

Sista wa Zahanati: Hizo nyingine si zitaua vilevile?

Mzee wa Bakteriolojia: Baadhi, ndiyo, na ndiyo sababu sasa kuna chanjo za aina 15 na 20. Ila aina zimepita 100, kila moja na sukari yake, na ukali wao haulingani. Aina ya 1 huipati kirahisi puani, lakini barani Afrika imeleta milipuko mibaya. Wengine wanakaa puani miezi bila kudhuru. Aina ya 3 inanisumbua binafsi: koloni zake kwenye aga ya damu, ile rojo ya kuoteshea bakteria maabara, ni kubwa na zinavutika kama asali, na ganda lake halijafungwa imara kwenye ukuta wa seli. Analimwaga, kingamwili zinashikana na sukari iliyomwagika, yeye anapita. PCV13 inayo sukari yake na bado inamkamata kwa taabu.

Sista wa Zahanati: La mwisho mzee. Kuna wanaonunua amoksilini dukani mtoto akiwa na makamasi tu, eti "kusafisha pua".

Mzee wa Bakteriolojia: Wakataze, sista, kwa nguvu zote. Griffith alichanganya wenye ganda waliokwisha kufa na wasio na ganda walio hai, panya wakafa, na ndani yao akakuta bakteria hai wenye ganda. Mwaka 1944 Avery, MacLeod na McCarty wa New York walionyesha kilichohama ni DNA. Puani mwa mtoto aina mbili tatu zinakutana na kufanya hivyohivyo: zinapeana jeni za ganda, zinapeana na jeni za kuhimili penisilini. Dozi ya nusunusu inaua wanyonge na kuwaachia pua wale sugu. Mtoto anayenyonya, anayecheza na kupumua vizuri, mwache na makamasi yake, umfute pua. Akiwa na miezi 2 hadi 11 na anapumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au ana mwaka 1 hadi 5 na zimefika 40, au kifua kinabonyea ndani, hapo aletwe kwako siku hiyohiyo, na dawa utampa wewe.