Kumbe nyumba nzima ilikuwa ya Lowassa?

*Grupu: Ukoo wa Babu 🏡*
*Jumapili, 11 Februari 2024*

Binamu Dodoma: [picha] Nimeikuta kwenye albamu ya Bibi, ya 2015. Mmejipanga uani mnazungusha mikono, ile ishara ya kampeni ya urais ya Lowassa, hadi Bibi! Kumbe nyumba nzima ilikuwa ya Lowassa?

Mama Mdogo: Mungu ampumzishe mzee wetu wa Monduli 🙏🏾 Mimi ni huyo mwenye kitenge. Nilimpigia kura kwa ajili ya shule za kata alizozisimamia akiwa waziri mkuu. Nilikuwa na darasa la watoto 90, wengine wanakaa chini. Aliposema elimu, elimu, elimu, nikasema basi, nimemaliza.

Kaka wa Arusha: Sisi kijiweni elimu hatukuisikia 😂 Jamaa mmoja alituambia tujitokeze na pikipiki kwenye mapokezi, tutajaziwa mafuta. Nimepeperusha bendera mpaka mkono ukafa ganzi. Mafuta sijayaona hadi leo.

Baba Mkubwa: Mimi sikuhama chama. Kadi ya kijani ya CCM ilibaki mfukoni. CCM walipomkata jina kwenye mchujo wa urais Dodoma mwezi wa 7, usiku ule sikula. Nilimfuata mtu.

Anko Temeke: Afadhali nyie. 2007 nilisimama juani pale Mwembeyanga, Dkt. Slaa, katibu mkuu wetu wa Chadema, anasoma orodha ya aliowaita mafisadi, na Lowassa yumo. Nikapiga makofi! Miaka 8 baadaye naambiwa amehamia kwetu, ndiye mgombea wetu. Slaa akajiondoa. Mimi gwanda nimeshalivaa, nakwenda wapi? Nikazungusha mikono. Hesabu yangu ilikuwa moja, CCM itoke, mengine tutayamalizia ndani.

Binamu Dodoma: Na angeshinda?

Anko Temeke: Tungegombana wiki ya kwanza.

Baba Mkubwa: Siku ya kwanza. Wewe ulitaka vigogo wafukuzwe, mimi nilitaka vigogo wangu warudishwe.

Mama Mdogo: Na mimi nangoja madawati 🤦🏾‍♀️ Halafu tulikuwa tunalala nyumba moja, tunaimba "Lowassa, mabadiliko". Hakuna aliyemuuliza mwenzake mabadiliko gani.

Anko Temeke: Machi 2019 aliporudi CCM nilizima simu siku nzima.

Baba Mkubwa: Mimi nilichinja mbuzi.

Kaka wa Arusha: Mbuzi?? Mbona sikuitwa?

Baba Mkubwa: Ungekuja kudai mafuta.

Bibi: 🎤 0:19

Binamu Dodoma: Kwa wasioweza kufungua: Bibi anasema kwenye picha alikuwa anafukuza kuku, walishaingia kwenye mahindi yake. Kura alimpa Magufuli. Alimwona akipiga pushapu jukwaani, akasema kijana huyu ana nguvu za kazi.

Baba Mkubwa: Mama! Miaka 8 umenyamaza? Na ile kanga ya kampeni niliyokuletea?

Bibi: 🎤 0:04

Mama Mdogo: 😂😂😂 Anasema anayo, anaanikia mahindi.