Wauza doki na adapta Dodoma, iulizeni kompyuta ya mteja kabla ya kupokea fedha yake

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu.

Nilinunua doki ya USB-C, yaani kifaa cha kuiongezea kompyuta matundu, katika duka moja la vifaa vya kompyuta hapa Dodoma mjini, baada ya kumweleza muuzaji, kompyuta yangu ikiwa wazi mbele yake, kwamba ninataka kuunganisha monita mbili ili moja nifungue mchoro wa jengo na nyingine jedwali la gharama. Alinijibu, "Hii inaingia mashine yoyote, mkuu." Kuingia iliingia. Monita zote mbili ziliwaka, na zote mbili zikaonyesha mchoro uleule.

Niliporudi dukani niliambiwa kuwa waya wa HDMI ndio mbovu, nikauziwa mwingine. Baadaye ikasemwa ni monita, na mwishowe kompyuta yangu ndiyo ikabebeshwa lawama. Ukweli ni kwamba hapakuwa na kitu kibovu hata kimoja. Kompyuta yangu, MacBook Air yenye chipu ya M1 iliyotoka mwaka 2020, huendesha monita moja tu ya nje, na mfumo wa macOS hautumii MST (njia ya kupitisha picha za monita kadhaa kwenye waya mmoja) kutoa picha mbili tofauti, ilhali doki nyingi za bei nafuu zenye matundu mawili ya HDMI hutegemea njia hiyohiyo. Anayetaka monita mbili kwenye mashine hiyo huhitaji doki yenye chipu ya DisplayLink, inayopitisha picha kama data ya kawaida ya USB, pamoja na programu yake, ambayo ni bidhaa nyingine kabisa.

Mwenzangu ofisini, anayetumia Windows, aliuziwa adapta na duka hilohilo na hakupata picha yoyote, kwa sababu tundu lake la USB-C hupitisha data na chaji tu. Watengenezaji wengi huchora alama ndogo ya DP (DisplayPort, njia ya kupitisha picha) au ya radi pembeni ya tundu linalotoa picha; kuitazama kabla ya kuuza hakuchukui hata nusu dakika.

Hata hiyo monita moja inayofanya kazi inaniudhi. Boksi la doki limeandikwa "4K" kwa herufi kubwa, na nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani, 30Hz, yaani picha hubadilika mara 30 tu kwa sekunde, na mshale wa kipanya huburuzika kama umefungwa jiwe.

Nilipodai fedha yangu nilionyeshwa muhuri kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na sioni ni kwa namna gani muhuri wa dukani unaweza kuifuta. Nimeandaa barua kwa Tume ya Ushindani (FCC), nikiambatanisha risiti zote mbili.

Aliyewahi kufikisha lalamiko la namna hii FCC anieleze lilivyoshughulikiwa, na anayelijua duka la hapa Dodoma linaloruhusu mteja kuchomeka na kujaribu kabla ya kulipa alitaje.