Makasha matupu ya kaseti: yapi yanafaa kwa lebo ndogo?

Lebo ya Kwaya, Mbeya
Wanajukwaa, habari zenu. Tunataka kutoa kaseti chache za kwaya kwa ajili ya wazee ambao bado wanatunza redio zao za kaseti, lakini bei za wauzaji wa nje zinatofautiana mno. Nitalitambuaje kasha bora kabla ya kulipa?

Fundi Redio, Iringa
Ndugu, agiza sampuli kwanza, kisha uifungue. Kasha la skrubu tano hufunguka, hivyo utepe ukikwama unarekebishika, ilhali lililounganishwa kwa kuyeyusha plastiki halifunguki bila kuvunjwa. Tazama vigurudumu viwili vya pembeni. Mimi napendelea vinavyozunguka kwenye pini za chuma. Muhimu zaidi ni kile kitambaa kidogo kinachokandamiza utepe kwenye hedi, yaani kile kichwa cha redio kinachosoma utepe: kinapaswa kushikiliwa na springi ya bati jembamba, si sponji peke yake, kwa sababu sponji ikishalegea sauti za juu hufifia, na kwenye kwaya soprano ndizo zinazoumia.

Mrekodi, Njombe
Naongeza kwamba kasha tupu, yaani C-0, huja bila utepe wa kurekodia, kwa hiyo utahitaji mashine ya kuuvingirisha ndani. Kwa idadi ndogo, afadhali ununue kaseti zilizokwisha kujazwa. Utepe mpya bado unatengenezwa na National Audio Company ya Marekani na Recording the Masters ya Ufaransa. Chagua C-60, yaani ya dakika 60 kwa pande zote mbili; utepe wa C-120, wa dakika 120, ni mwembamba mno, na redio kuukuu huutafuna.

Lebo ya Kwaya, Mbeya
Asanteni sana. Nitaomba sampuli za skrubu zenye springi, urefu wa C-60.