Niliishiwa nguvu kilomita ya 26 njia ya Tukuyu. Wenzangu mnakula nini kwenye mbio ndefu?

MwalimuWaUyole

Habari za jioni wapendwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Uyole, umri 38, uzito kilo 62. Nimeshakimbia nusu marathoni tatu na zote nilimaliza vizuri. Sasa nimejiandikisha kilomita 42 za Moshi, Februari, na Jumamosi iliyopita nimepata jambo limenitisha.

Nilipanga kilomita 30. Nilitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza, manyunyu, baridi yetu mnaijua. Tumboni nilikuwa na chai ya rangi na nusu chapati ya jana. Nikashika njia ya Tukuyu, nikapita Igawilo, napanda tu, kilomita ya 15 nikageuza. Maji sikubeba kwa sababu kwenye baridi kiu sisikii kabisa.

Kurudi ni mteremko, na hapo ndipo nisipoelewa. Kilomita ya 26, ndani ya mita mia tano tu, mapaja yakawa mazito kama nimebebeshwa lumbesa ya viazi. Mikono ikapoa. Mstari mweupe wa barabara ukaanza kucheza machoni. Nikakaa kwenye jiwe, machozi yananitoka na sijui nalia nini. Mama mmoja aliyekuwa anapanga ndizi zake kando ya barabara akaja akaniuliza, "Mwanangu, una malaria?" Akanimenyea ndizi mbili na kunimiminia chai ya maziwa yenye sukari nyingi kutoka kwenye chupa yake. Haikupita hata nusu saa nikawa nimesimama. Nikatembea, halafu nikakimbia taratibu mpaka nyumbani.

Hizo ndizi ndizo zinanisumbua akili. Kama miguu ilikuwa imechoka, ndizi mbili ziliiponyaje?

Naomba mnisaidie: mnakula nini, saa ngapi, kiasi gani? Zile jeli za pakiti kwangu ni ghali. Mwenzangu kazini ananiambia ninywe ORS nipate nguvu, mwingine ananiambia nimeze dawa ya maumivu kabla ya kuanza.

FundiWaIpogolo

Kamwene mwalimu, pole sana. Huyo mama kakutibu sawasawa, ukipita tena mshukuru. Miguu iliyochoka haiponi kwa ndizi. Iliyoishiwa sukari ndiyo inapona.

Mwili una akiba ya sukari kwenye misuli na kwenye ini. Kwa mtu aliyekula vizuri, yote pamoja ni kama kalori 2,000. Kukimbia kilomita moja kunakula karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako. Wewe wa kilo 62, ukifika kilomita ya 26 umeshachoma zaidi ya 1,600, na mlima ule unaongeza juu yake. Sehemu inatoka kwenye mafuta ya mwili, lakini mafuta yanatoa nguvu taratibu. Ukipanda au ukiongeza kasi, mwili unadai sukari. Halafu usiku kucha ulipolala, ubongo ulikuwa unakula akiba ya ini. Umeamka ghala limepungua, ukaweka nusu chapati. Kulia bila sababu na mstari kucheza, huo ni ubongo wenye njaa. Mteremko haukuwa na kosa. Deni ulishalikopa kwenye mpando.

Mimi nina miaka 51, ni fundi seremala, na ule mlima wa kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini umenifundisha haya kwa bakora. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa nasubiri mpaka nihisi njaa ndipo nile. Ukisubiri njaa umeshachelewa, kwa sababu chakula lazima kipite tumboni kwanza, na tumbo la mtu anayekimbia linafanya kazi polepole. Sasa naanza kula nikiwa bado nina nguvu zangu zote, dakika ya 30 au 40, na sikosi.

Kiasi: kwa mbio zinazozidi saa mbili, lenga gramu 30 mpaka 60 za wanga au sukari kila saa. Kwa vipimo vya jikoni, kijiko cha chai cha sukari, cha kusawazisha, ni gramu 4. Ndizi ya kati ni kama 25. Kijiko cha mezani cha asali ni kama 17.

Kinywaji changu: chupa ya nusu lita, maji ya kuchemsha yaliyopoa, vijiko 8 vya sukari, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, nusu limao. Hapo una gramu 32. Nakunywa mafunda matatu manne kila dakika 15 au 20. Usizidishe sukari ukidhani ndiyo nguvu zaidi. Ikiwa nzito sana inakaa tumboni inachezacheza, na utaisikia kila hatua.

Utamu nao unachosha. Ikifika saa ya pili sitaki tena kuonja sukari, nataka chumvi. Hapo ndipo naingia kwenye viazi. Chagua mviringo vidogo, saizi ya yai la kuku wa kienyeji. Chemsha na maganda usiku, menya vikiwa vya moto, viringisha kwenye chumvi kidogo, acha vipoe, funga viwili viwili. Kiazi kilichopoa kinateleza kooni. Andazi linakauka mdomoni, unatafuna kilomita nzima. Nyie Mbeya mna viazi kuliko mtu yeyote, mkitafuta jeli mnanishangaza.

Usiku wa kuamkia mbio kula wali, wa Kyela ukiupata, na mboga laini. Maharage yaache, yatakusimamisha njiani kutafuta kichaka. Asubuhi amka mapema, saa mbili au tatu kabla ya kuanza, uji mwepesi wenye sukari au mkate na asali. Parachichi na mtindi ni vya baada ya kumaliza.

Kijana_Rungwe

Mimi natofautiana kidogo. Wazee wetu walikimbia bila kula na walifika. Mazoezi ya tumbo tupu yanakomaza mwili. Ila kwenye mashindano natumia asali, naweka kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi nilichokiosha, nanyonya kidogo kidogo na maji. Inafaa.

NesiMbalizi

Mwalimu, mimi nazungumza kama nesi.

Dawa za maumivu, hizi za diklofenaki na ibuprofeni, usimeze kabla ya mbio wala katikati. Ukiwa umekaukiwa maji na umekimbia kwa muda wa saa nne, figo zinapata damu kidogo, na dawa hizo zinaongeza mzigo hapo hapo. Tafadhali sana.

ORS ni nzuri lakini si chakula. Pakiti ya lita moja ina glukosi gramu 13.5, yaani kama vijiko vitatu tu vya sukari. Ile sukari kidogo imewekwa isaidie utumbo kufyonza chumvi na maji. Ukiitegemea ikupe nguvu ya kilomita 42 utakaa tena kwenye jiwe.

Na maji matupu yasizidi. Anayekunywa kila kituo hata bila kiu anaweza kushusha chumvi ya damu, akaumwa kichwa, akatapika, akachanganyikiwa, na watu wakazidi kumpa maji wakidhani yamemuishia. Kwenye baridi ya kwetu mafunda machache yanatosha. Moshi iko chini ya mita 1,000, sisi hapa tuko kama 1,700. Pumzi utakuwa nayo, ila joto litakuwa geni kwako. Kule utahitaji zaidi.

FundiWaIpogolo

Kijana wangu wa Rungwe, mbio fupi za taratibu bila kula sina ugomvi nazo. Ila mbio ndefu ya wiki ndiyo darasa la tumbo. Tumbo nalo linazoezwa kama miguu. Anza na gramu 30 kwa saa, baada ya wiki kadhaa panda mpaka 40, 50. Mtu asiyewahi kula akikimbia, siku ya mashindano tumbo litamkataa.

Mwalimu, jambo moja la Moshi. Nusu ya pili inapanda kuelekea Mweka, yaani mlima unakukuta akiba ikiwa imepungua. Anza polepole mpaka uone aibu. Alphonce Simbu, Mtanzania mwenzetu, aliposhinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo Septemba 2025 alikaa na kundi, akaenda kuchukua dhahabu mita za mwisho kabisa, kwa sehemu tatu kati ya mia za sekunde moja. Na yule ni bingwa.

MwalimuWaUyole

Ndaga fijo kwenu nyote. Narudi baada ya wiki tatu kutoa taarifa.

Jana nimekimbia 30, njia ile ile. Niliamka saa tisa usiku kunywa uji, nikalala tena kidogo. Chupa mbili za sukari na limao kiunoni, viazi vinne mfukoni, saa ya mkononi inalia kila dakika 20. Chupa ya kwanza nilizidisha chumvi, ikanipa kichefuchefu karibu na Igawilo. Ya pili nilipima vizuri, ikapita. Kiazi cha kwanza nilikula kilomita ya 17 na, fundi, niliona raha mpaka nikacheka peke yangu barabarani.

Kilomita ya 26 ilinikuta nimechoka, lakini nipo, naona vizuri, nahesabu nguzo za umeme. Yule mama alikuwa pale pale. Nimesimama dakika mbili, nimenunua mkungu mzima, ukaletwa nyumbani na bodaboda.

Sasa swali jingine: mapaja leo kushuka ngazi siwezi, hasa ya mbele. Huo mteremko wa kurudi nautengenezea nini?